Filimbi Alizozikata Mwamina

Jirani yangu Mwamina anashona mito. Sufi anainunua kijijini Chiola, anaichambua mwenyewe barazani, na ukipita kwake mchana utamkuta kajifunga kitambaa puani, anakusalimia kwa nyusi. Mtaa wetu mzima hapa Nachingwea tunalalia mito yake. Ni mwanamke wa kupima kila kitu mara mbili, hata chumvi, na mimi Zuleha, ambaye chumvi naimwaga kwa macho, nimeshagombana naye sana kwa tabia hiyo. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani alikosea kwa uzembe.

Uzembe ni wa mumewe, Mzee Harithi. Huyo alikuwa dereva wa malori ya korosho mpaka alipostaafu, na kustaafu kukamletea maradhi ya kuvua samaki. Si kuvua kwa kuuza. Ni kuvua kwa kujifurahisha: samaki akinasa, anampiga picha kwa simu, anawatumia watu ambao hawakumwomba, kisha anamla. Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi machimboni Ruangwa, mkataba ulipokwisha, alimwachia boti dogo la faiba na makasia yake. Harithi akalipeleka bwawa la Namkonda, upande wa Chinongwe, kijijini alikozaliwa mkewe.

Mwamina aliposikia jina la Namkonda aliendelea kuchambua sufi mpaka jioni. Kisha akasema, "Baba Raudha, boti sikukatazi. Lakini vifaa vya kukuokoa nitachagua mimi."

Alikuwa na sababu. Namkonda ndiko alikozama mdogo wake, Lukumani. Mama yao alifariki Lukumani bado ananyonya, na Mwamina, naye mtoto tu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Walipokuwa wakichunga mbuzi, Lukumani alikuwa na mluzi wake wa kumwita dada: mmoja mrefu, kisha mifupi miwili. Mwamina akiusikia huitika, "Bee," popote alipo, na watu walikuwa wakiwacheka kwa hilo.

Sasa niseme kuhusu bwawa lenyewe. Zamani lilikuwa bonde la mashamba. Lilipojaa, miti ilibaki imesimama mlemle majini, imekauka, na chini yake kuna makaburi ambayo hakuna aliyeyahamisha. Msimu wa baridi, asubuhi, ukungu hulala juu ya maji mpaka jua lipande. Watu wa huko wana mwiko wao: majini haupigwi mluzi, na mluzi ukisikika kutoka majini hauitikiwi. Ukiusikia unachuchumaa, unaweka kiganja ardhini, unanyamaza mpaka uishe. Wanasema ni wenyewe wa chini ya maji wanaitana, na wewe ukiitika umejiandikisha.

Asubuhi ya msiba wa Lukumani, mluzi ulisikika ndani ya ukungu. Wanawake waliokuwa wakichota maji walichuchumaa wote, na Mwamina, aliyekuwa amekuja kuwasalimia ndugu zake, alichuchumaa kati yao. Ukungu ulipoondoka, mtumbwi wa Lukumani ulikuwa umepinduka ubavuni mwa mninga mmoja mkubwa uliokauka. Wazee wakasema maji yamemchukua kwa sababu alizoea kupiga mluzi akivua. Mwamina akayapokea maneno hayo na kuishi nayo.

Basi tukaenda Ruangwa mjini, sisi watatu, kwenye duka la Yasmini anayeuza vifaa vya wachimbaji: kofia ngumu, buti, vizibao vya kung'aa. Nyuma ya duka alikuwa na laifujaketi zimetundikwa ukutani. Mzee Harithi akashika iliyomvutia jicho, nyekundu, nyepesi, yenye mifuko ya kuwekea ndoana.

"Hii hii," akasema, na tayari alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa mlangoni.

Mwamina akaibinya kwa vidole kama anavyobinya mto wa mteja. "Ndani imejazwa nini?"

"Mama, mimi nauza tu, sijaipasua," Yasmini akajibu.

"Una pipa la maji?"

Yasmini alicheka, lakini pipa akalitoa. Ile nyekundu ilielea vizuri, tukaanza kumsifu mzee kwa jicho lake. Kisha ikaanza kunywa maji. Ilikwenda chini polepole, kola ikiwa ya mwisho. Mwamina alisimama akiitazama mle ndani ya pipa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka nikamgusa bega.

Akachukua nyingine, ya rangi ya chungwa, nene, isiyo na urembo. Hiyo ikaelea. Akaipachika jiwe la kuzuia mlango, ikaelea na jiwe lake. Akamvalisha mumewe, akafunga mikanda yote pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha akaishika mabegani akaivuta juu kwa nguvu, maana jaketi legevu linamvuka mtu kichwani na kumwacha azame peke yake.

"Unanivuta kama gunia," Mzee Harithi akalalamika.

"Gunia lingekuwa limeshanyamaza."

Wakachukua za namna hiyo za kuwatosha wao, binti yao Raudha na mgeni mmoja. Wakaongeza boya la duara, kamba ya kutupa, kopo la kukumbia maji na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Mimi njaa ilikuwa imenikamata na hasira imeanza kunipanda, lakini nilikiri moyoni kwamba mwanamke huyu kama angekuwa fundi wa meli, nami ningepanda.

Kila laifujaketi ilikuwa na filimbi ndogo ya plastiki, inaning'inia kifuani kwa uzi. "Hii ya kuitia watu," Yasmini akaeleza. "Sauti ya mtu inakauka. Filimbi haikauki." Mwamina aliishika filimbi moja, akaiachia palepale, akafuta mkono kwenye kanga.

Tulipofika nyumbani alichukua mkasi wake wa mito akazikata zote, akazitia kwenye kopo la majani ya chai.

"Jirani, filimbi si mluzi," nikamwambia.

"Wewe unajua tofauti," akajibu. "Maji yanajua?"

Mzee Harithi yeye alicheka. "Kata tu, Mama Raudha. Mluzi wenyewe siuwezi tangu usukani univunje meno ya mbele pale Nanganga." Na ni kweli, yule mzee akijaribu kupiga mluzi hutoka upepo tu. Kumbuka hilo.

Mwezi wa saba tukaenda Chinongwe, tukalala kwa ndugu zake Mwamina, na alfajiri tukateremka bwawani. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji hivi kwamba miti mikavu ilionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kama watu waliosimama wakingoja kitu. Mwamina alinyunyiza unga kidogo ukingoni, akavuta laifujaketi ya mumewe mabegani kwa mara ya mwisho, akamwacha aende. Tulisikia makasia yakipiga maji. Kisha hatukuyasikia.

Tukawasha moto, tukachoma mihogo. Karibu yetu alikuwa Mzee Kipriani akitengeneza wavu wake. Huyu ni Mmakonde, wazazi wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini mwiko wa Namkonda anaushika kuliko waliozaliwa nao. Hatukuwa na wasiwasi. Nilikuwa namchokoza Mwamina kwamba samaki wa leo atakuwa na picha nyingi kuliko bibi harusi.

Boti likarudi. Lilitoka ndani ya ukungu taratibu, bila mtu, bila kishindo, kasia moja ndani, uzi wa ndoana ukiburuzwa nyuma. Likaja mpaka pale pale lilipoondokea, likagusa udongo, likatulia.

Mwamina alisimama. "Baba Raudha!" Tukaita sote, na Kipriani akaita kwa sauti yake nene. Maji hayakurudisha hata mwangwi. Huko ndani ungeweza kumtafuta mtu mpaka saa sita, kila mti unafanana na mwenziwe, na mzee wa umri ule hawezi kukaa kwenye maji ya baridi namna ile mpaka jua lije kutusaidia. Kama angekuwa na cha kupuliza, tungejua pa kwenda. Mwamina aliligundua hilo kabla yangu. Niliona mkono wake ukienda kifuani, pale filimbi inapokaa, ukakuta hakuna kitu.

Hapo ndipo mluzi ukasikika.

Kipriani akachuchumaa. Nami nikachuchumaa, sioni haya kusema, na kiganja nikakiweka ardhini. Mwamina naye akachuchumaa. Mluzi ulitoka mbali, upande wa kushoto, mmoja mrefu, kisha mifupi miwili. Ukanyamaza. Ukaja tena, uleule.

"Baba Raudha hawezi mluzi," Mwamina akanong'ona.

"Nyamaza, mama," Kipriani akasema bila kuinua kichwa. "Nyamaza upite."

"Siku ile pia nilinyamaza ukapita."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilichokiona pale sikutaka kukiona tena. "Zuleha," akaniambia, "yule mtoto alikuwa anazama. Alikuwa ananiita mimi. Na mimi nilikuwa nimechuchumaa nasubiri amalize."

Mluzi ukalia tena. Mwamina akasimama wima, akaweka mikono mdomoni.

"Bee!"

Nilimshika kanga, akanipiga mkono nikaachia. Akavaa laifujaketi yake, akafunga mikanda yote hata ule wa katikati ya miguu, hata katika hali ile hakuruka hata mmoja, akatupia boya na kamba kwenye mtumbwi wa Kipriani. "Mzee, ukiogopa niazime kasia tu."

Kipriani alifanya ishara ya msalaba, akamalizia kwa kushika ardhi ili asimuudhi mtu yeyote, akapanda naye.

Mimi nikabaki. Ukungu ukawafunga, na kilichobaki kwangu ni kusikia. Mluzi. "Bee!" Mluzi. "Bee, nakuja!" Kila mara sauti ya Mwamina ilikuwa mbali zaidi, na kila mara mluzi ulimngoja amalize kuitika ndipo ulie tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilisoma kila dua niliyojua. Kisha vyote viwili vikanyamaza.

"Tumempata!" Ilikuwa sauti ya Kipriani.

Walimkuta Mzee Harithi kwenye mninga uleule wa Lukumani. Alisimama botini kusukuma kisiki kwa kasia, akatumbukia, boti likaondoka. Mguu wake ulinaswa na wavu wa zamani uliofunga mizizi ya mti, na kama si ile jaketi nene kumshikilia kichwa juu, wavu ungemvuta chini. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka. Walipomlaza karibu na moto, midomo ilikuwa rangi ya majivu na meno machache aliyobaki nayo yanagongana.

Alipopata joto na chai ya tangawizi, alimwambia mkewe kwa sauti ya kukwaruza, "Nilisikia mluzi wenu. Mmefanya vizuri kupiga. Ulikuwa unanitia nguvu."

"Sisi hatukupiga," Mwamina akasema.

Mzee Harithi akatutazama mmoja mmoja. "Ulikuwa hapa," akasema, akagusa kisogo chake. "Nyuma yangu kabisa. Nikadhani ni yule anayekuja kunitoa. Nilipogeuka kulikuwa na mti tu."

Kipriani akaondoka kwenda kutazama wavu wake, ambao haukuwa na haja ya kutazamwa. Mwamina ndiye aliyelia. Alilia kwa sauti, amekaa chini kama siku ya msiba, akisema, "Nisamehe mdogo wangu, nilikuacha," na hakuna aliyemnyamazisha. Kilio kile kilikuwa kimechelewa miaka.

Tuliporudi Nachingwea alilitoa kopo la majani ya chai. Akazishona filimbi zote mahali pake kwa uzi wa mito, uzi usiokatika hata ukiuvuta kwa meno, isipokuwa ya kwake. Hiyo aliipeleka Namkonda, akapigiwa makasia na Kipriani mpaka kwenye mninga, akaifunga kwenye tawi lililo karibu na maji.

"Sauti ya mtu inakauka," ndilo pekee alilosema.

Baridi ya mwaka huu tulikuwa tena ukingoni, Mzee Harithi akiwa nasi anaota moto, boti limefungwa. Ukungu ulikuwa mzito na hapakuwa na mtu majini. Sauti ikaja kutoka upande wa kushoto: mmoja mrefu, kisha mifupi miwili. Haukuwa mluzi wa mdomo. Ilikuwa filimbi ya plastiki.

Wanawake waliokuwa wakichota maji walitua ndoo zao. Mmoja alianza kuchuchumaa, akamtazama Mwamina, akasita, akasimama. Mwamina aliitika, "Bee," nao wakaitika pamoja naye, nami nikaitika. Kipriani alishafungua mtumbwi, maana siku yoyote anaweza kuwa ni mtu. Alikwenda mpaka kwenye mninga, akarudi, akatikisa kichwa kwamba hakuna mtu, na filimbi ipo pale pale tawini, imelowa.

Ndivyo tunavyofanya siku hizi. Inapolia, tunaitika na tunakwenda.