Wimbo wa Vinanda vya Umeme

Juzi mjukuu wangu alifungulia muziki fulani kwenye simu yake, nami nikamkaripia auzime upesi. Alishangaa, maskini. Lakini sauti ile naijua, ndugu yangu, na ilinichosha roho zamani.

Mwaka ule wa uhuru nilikuwa darasa la nne, Msambweni. Mwalimu wetu wa muziki, Mzungu mwembamba mwenye masikio mekundu, alikuwa na sahani moja ya santuri aliyoipenda kuliko chakula. Ni muziki wa heshima wa Ulaya, alisema, ila umetungiwa vinanda vya umeme vya mwanzo mwanzo, visivyo na nyuzi wala pumzi. Kwetu sisi ulikuwa mlio wa paka aliyefungiwa ghalani. Naye akataka wasichana tuuige kwa vinywa, bila neno hata moja, siku ya sherehe za uhuru! Kila alasiri ni "Uuuu", kisha "Tena!", na nyumbani nazi hazijakunwa, maji hayajatekwa.

Jioni nikirudi, bibi yangu alikuwa akiningoja mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mmemlilia nani?"

Siku yenyewe tuliitwa baada ya ngoma ya sengenya, watu wamechangamka, vumbi limetimka. Sahani ilikuwa imeachwa juani, imejipinda. Mwalimu alipoiweka ilikoroma mara mbili, ikanyamaza. Watu wakaangua kicheko. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mwalimu akabaki ameishika sahani yake.

Nilighadhibika. Taabu yote ile ipotee hivi hivi? Nikaanza peke yangu, "Uuuu." Kicheko kikazidi. Ndipo bibi akainuka katikati ya akina mama.

"Nyamazeni! Sisi nyumbani tumeusikia kila siku. Leo na nyinyi mtausikia mpaka mwisho!"

Wakanyamaza. Wenzangu wakaingia mmoja mmoja, tukaumaliza wote.

Mwalimu alinijia macho yamelowa. "Asante sana," akasema. Mimi bado nilikuwa nimenuna, nikageuza uso. Muhula uliofuata alikuwa amekwisha rudi kwao.

Skuli ile ilivunjwa, ikajengwa nyingine. Bibi hayupo, na wengi wa wale wasichana wametangulia mbele ya haki. Jina la wimbo sikulishika, la mtungaji sikulijua, na mwalimu aliupendea nini hasa, sikumuuliza. Mtoto wa miaka kumi tu, na kiburi cha liwali!