Futi ya Hakosei

Mtaani mama yangu anaitwa Hakosei. Jina alipewa na wateja, naye hakulikataa hata kidogo. Miaka ishirini amekata na kushona gauni, suruali na sare, na hakuna aliyerudi kusema nguo inabana. Ukimbishia kipimo, anakutazama juu ya miwani mpaka unaanza kuushuku mwili wako mwenyewe.

Mwaka huu akapata kazi ya sare za manesi ishirini na wanne wa zahanati. Peke yake asingemaliza, kwa hiyo akamwita mama mkubwa, dada yake, ambaye naye ni fundi, mtaa wa pili. Mama apime na kuandika namba, mama mkubwa akate na kushona. Walikuwa hawajawahi kufanya kazi pamoja. Hawa wawili hata sindano hawaazimani bila maneno.

Sare zote zilibana. Vifungo vya kiunoni vilikataa kufika kwenye matundu, na nesi mkuu akazirudisha kwenye mifuko ileile.

"Umekata vibaya," mama akamwambia dada yake.

"Nimekata ulichoandika. Namba ni zako."

Wakanuniana wiki nzima. Mjomba, kaka yao, ambaye hupenda kusuluhisha kwa kuwa hapendi kelele, akaja, akanywa chai yetu vikombe viwili, akasema kila mtu ana ukweli wake. Wa mama ni wa mama, wa dada ni wa dada, basi yaishe. Mimi nilikuwa tayari kumshukuru, maana nilichoka.

"Kaka," mama akasema, "ukweli wangu na ukweli wa dada vimeshindwa kufunga kifungo cha nesi mmoja. Kuna aliyekosea."

Mjomba akacheka, akaaga. Mama hakucheka, na tangu hapo hakutulia. Anashona mstari mmoja, anasimama. Kwa futi yake, ule utepe wa kupimia nguo, anapima meza, anapima mlango, ananipima mimi mara tatu asubuhi moja, na kila mara namba ni ileile. "Unaona?" anasema, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika. Nikamwambia aache, atatutia wazimu.

"Futi ikijipima yenyewe," akasema, "itasema nini zaidi?"

Akaikunja, akavuka barabara hadi kwa seremala, nami nyuma yake. Seremala akalaza rula yake ndefu ya chuma juu ya benchi, mama akanyoosha futi pembeni. Inchi ya thelathini na mbili ya mama iliangukia kwenye thelathini na tatu ya chuma. Futi ilikuwa imevutika kwa miaka yote ile ya kuvutwa. Wateja hawakujua kwa sababu alipima kwa futi hiyohiyo na kukata kwa hiyohiyo, kosa likajifuta kabla halijafika mwilini. Nilimwonea huruma mpaka nikatazama kando.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkubwa, akakuta wateja watatu, na mbele yao akasema, "Dada, nimekosea mimi. Futi yangu imevutika, nimeilinganisha na rula ya seremala."

Nilisubiri mama mkubwa ajigambe, na haki alikuwa nayo. Badala yake akaweka mkasi chini.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Nesi mkuu namfahamu. Kiuno kile hakiingii kwenye thelathini na mbili. Nikasema, aah, kila fundi na vipimo vyake. Nikakata."

Mama akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilimwona akiitafuta hasira na kuikosa.

"Si ungenibishia tu, dada? Miaka ishirini hakuna anayenibishia."

Mama mkubwa akavua futi yake shingoni, akaitazama, akaanza kuikunja.

"Hii nayo ina miaka kumi na mitano," akasema. "Nipeleke kwa huyo seremala."