Walisikia Droni Yangu Wakajua Nipo

Kosa ni langu. Naliandika mwanzo kabisa ili usije ukafika katikati ya maneno haya ukaanza kunionea huruma kwa sababu ya aliyonitenda mtu mwingine. Huyo mtu nitamtaja, tena nitamtaja vibaya, maana mpaka leo nikimkumbuka mate yananikauka. Lakini mlango alioupitia niliufungua mimi.

Mimi ni mwanamke wa Tanga mjini, mtaa wa Mabawa, na kazi yangu ni kupiga picha za harusi kwa droni. Majina ya watu nimeyabadilisha, langu silitaji. Wa Mabawa mtanijua tu, hilo siwezi kulizuia.

Kwetu kazi hii ina soko kubwa ikifanywa na mwanamke. Harusi zetu zina upande wa wanawake, na upande huo haingii mwanamume hata wa kubeba maji. Uani kunazungushiwa turubai, simu zinakusanywa mlangoni kwenye kapu, watu wanavua mabaibui na mitandio, wanajifunga kanga viunoni, wanacheza. Mke wa shehe na muuza vitumbua wanapigana vikumbo pamoja. Picha anapiga mwanamke, wanatazama wanawake, na zikishakabidhiwa kwa bi harusi basi, mpiga picha anafuta.

Nilihangaikia kibali mpaka nikakipata. Mafunzo Dar, mtihani, kusajili droni, njoo wiki ijayo, mwenye sahihi kasafiri. Nilipokipata nikawa nakivaa shingoni, na wanawake wakaniamini maradufu. Zamani droni ikilia juu ya uani walikuwa wanakurupuka kutafuta mitandio. Baadaye wakazoea. Mimi husimama uwanja wa jirani, kwa sababu uani kwenyewe huwa kumejaa kamba za nguo na watoto, kwa hiyo hawanioni wakati narusha. Wanasikia mlio tu. Wanaambiana, "Ni mtoto wetu huyo, ana kibali cha serikali," na ngoma inaendelea.

Sasa nimlete huyo Mbwana.

Mbwana ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake aliugua sana alipomzaa, na mama yangu, aliyekuwa na mimi mchanga, akampakata na yeye. Tumenyonya ziwa moja. Kwa dini yetu huyo ni kaka yangu kabisa, hawezi kunioa, anaingia kwetu nikiwa kichwa wazi na hakuna wa kumsema. Droni nilimfundisha mimi. Akawa hodari kuliko mimi, nakiri, lakini kibali hakutaka kukisikia. "Kidude cha kuchezea hiki," alikuwa akisema, "mnataka kukipa leseni kama ndege ya abiria?"

Siku moja tukaitwa ukumbini, sisi warusha droni wa mkoa, kutoa maoni kuhusu sheria ya vibali. Walikuja wa hoteli za ufukweni, wa mashamba ya mkonge, vijana wanaorusha kwa kujifurahisha tu. Hao vijana walilalamika kwamba mtu anayerusha jioni kwa raha zake hawezi kutakiwa mambo yale yale anayotakiwa mfanyabiashara. Wenye biashara wakalalamika kwamba wao wanalipia vibali na wenzao wasio navyo wanawanyang'anya wateja. Kila mtu alikuwa na haki yake kidogo.

Akasimama jamaa mmoja wa Lushoto anayepiga picha za mashamba ya chai. Mtu mkavu, hacheki. Akasema, "Anayerusha yuko huku, droni iko kule. Wa chini haoni uso wa mtu. Mimi naona kibali kiwe cha mtu mwenyewe, asikishike mwingine. Vinginevyo huyo wa chini atajuaje nani anamtazama?"

Nikainuka. Laiti ningekaa.

Nikamwambia, "Kaka, hayo ni ya kwenu milimani, ambako jirani yako yuko kilima cha pili. Huku pwani tunajuana. Ukimwona mtoto unajua ni wa nani na kanyonya wapi. Mwenye kibali mmoja awe dhamana wa wenzake wasio nacho. Wakikosea, aulizwe yeye."

Ukumbi ulicheka, nikapigiwa makofi. Mbwana alipiga mluzi. Yule wa Lushoto akakaa, akaangalia simu yake. Nami nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Ikaja harusi ya Zuhura. Zuhura ni shoga yangu tangu tukiwa na meno ya utoto, na mama yake, Mwalimu Mwanaidi, ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani. Nusu ya wasichana wa mtaa wetu wamepitia mikononi mwake. Mwalimu yule ni mkali wa herufi, ukikosea unarudia mpaka koo likwaruze. Lakini ana jambo moja ambalo wanawake wote wa Mabawa wanalijua na wanaume hawalijui: anapenda kucheza. Kwenye ngoma za ndani hakuna wa kumshinda. Anajifunga kanga, anafumba macho, na sisi wanafunzi wake tunasimama pembeni tunamshangilia. Alikuwa akituambia, "Mungu kanipa kiuno na kanipa sitara. Vyote navishukuru."

Siku ya kusinga, bi harusi aliposuguliwa na kupambwa, nilirusha mimi. Kesho yake ndiyo nikaha. Wanaume wangekuwa msikitini Usagara, halafu waje na msafara mpaka Mabawa, na wanawake wangekuwa wanacheza uani wakiwasubiri. Mwalimu akaniuliza, "Na kesho utakuwepo?" Nikamjibu, "Mwalimu, nisipokuwepo mimi atakuwepo nani?"

Jioni ile ile nikapigiwa simu na tajiri mmoja wa Horohoro, anafungua maghala yake kesho asubuhi, anataka picha za juu. Kule ni mpakani, hairuhusiwi kurusha hivi hivi, na mimi nilikuwa na ruhusa ya eneo lile. Nilikuwa natafuta mteja wa namna hiyo muda mrefu. Tamaa ikanishika. Nikajiambia nitawahi, nitarudi kabla ya biriani.

Nikamwita Mbwana, nikampa droni yangu ya pili. Nikamwambia arushe msafara wa bwana harusi tu, kutoka Usagara, na ukifika mlangoni ashushe. Akasema sawa dada.

Halafu nikaongeza neno. Hili neno ndilo lililoniketisha hapa kuandika. Niliona aibu Zuhura na mama yake wajue kwamba nimeiacha harusi yao nikafuate maghala. Nikamwambia Mbwana, "Usiwaambie kama sipo. Wakisikia mlio watajua nipo."

Nilichelewa Horohoro. Njiani kurudi simu yangu ikaanza kuita, haikunyamaza.

Mbwana hakushusha mlangoni. Aliingia uwanja wa jirani, pale pale ninaposimama mimi, na marafiki zake watatu, wakaipeleka droni juu ya uani. Wanawake wakasikia mlio. Hakuna aliyekimbilia mtandio. Wangekimbilia wa nini? Si mtoto wao huyo, mwenye kibali?

Akarekodi. Akachagua kipande cha Mwalimu Mwanaidi, kanga kiunoni, nywele wazi, akakiwekea muziki na kukitia kwenye ukurasa wake wa kutafuta wateja. Juu yake akaandika, "Ustadhati akijimwaga." Kufika magharibi kipande kilikuwa kwenye simu za wanaume wa mji mzima, na cha ajabu ni kwamba wengi wa waliokisambaza mama zao, dada zao na wake zao walikuwemo mle uani.

Nilimpigia Mbwana. Akaniambia, "Dada, umeona ilivyotulia ile picha? Watu wanauliza nimetumia droni gani." Wallahi hivyo ndivyo alivyosema. Nikamwambia afute. Akafuta kwake, lakini kufuta huko hakukuwa na maana tena.

Tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuwepo mwenyekiti, askari mmoja, kaka yake Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe kajifunika mpaka macho. Mama yangu alikuja, akakaa katikati yetu, mimi kulia, Mbwana kushoto. Mimi nilitegemea Mbwana ataomba radhi, na mimi nitaomba radhi, tulie, tuhukumiwe, basi. Ndugu yangu yule.

Mwenyekiti akamuuliza. Mbwana akasimama, akafunga kifungo cha shati, akasema, "Mimi ni kibarua tu. Droni yake, kibali chake. Ukumbini alisema mbele ya watu kwamba yeye ni dhamana, tukikosea aulizwe yeye. Basi aulizwe. Na yeye ndiye aliyenikataza nisiwaambie wanawake kama hayupo."

Hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana iliniuma hivi. Uongo ningeukana. Huyu alichukua siri niliyomwambia kama ndugu, akaifanya ngao, akajificha nyuma yake mimi nikabaki mbele. Nilimtazama nikitafuta yule mtu ninayemjua, nikaona mtu anayeangalia mlango ulipo.

Mwalimu aligeuza kichwa akanitazama. Mpaka dakika ile alikuwa hajui. Alikuwa anadhani Mbwana kaniibia droni.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Kweli, Mwalimu."

Mama yangu alimwambia Mbwana, polepole, bila hasira, "Nilikunyonyesha wewe kwanza, huyu wangu akilia, kwa kuwa wewe ulikuwa dhaifu. Toka leo ukija kwangu, piga hodi." Kisha akanigeukia mimi, na mimi hakuniambia kitu. Ningependa angesema.

Kibali changu kikazuiwa. Sikulalamika, na usinililie kwa hilo. Mbwana hakuwa na kibali cha kunyang'anywa, akaonywa, akahamia mji mwingine, nasikia anarusha na ana wateja. Hilo nalo linanichoma, sisemi halinichomi.

Lakini aliyelipa ni Mwalimu Mwanaidi. Wazazi waliondoa watoto madrasa mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake: mtoto anaumwa, shule imebana, tunahama. Wanaume waliocheka kipande kile ndio hao hao waliosema mwalimu wa namna hiyo hafai kuwafundisha binti zao. Mikeka ikakunjwa. Zuhura alihamia kwa mumewe bila kunijibu simu, na hajajibu.

Nilikaa ndani muda mrefu, kisha nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikalia. Nikamwambia yote, tamaa ya Horohoro, aibu, neno nililomwambia Mbwana. Alinisikiliza huku akiondoa chuya.

"Yule mwenzio nimemsamehe," akasema. "Sikumtegemea kwa lolote, hana deni kwangu. Ile video umeiangalia?"

"Nimeiangalia, Mwalimu."

"Umeona mahali ninapoangalia juu nikanyanyua mkono?"

Niliona. Kila mtu aliona. Ndicho kipande kilichomponza kuliko vyote. Watu waliandika chini yake kwamba ustadhati anajua anarekodiwa, anawapungia wanaume.

"Nilisikia mlio," akasema Mwalimu, "nikasema alhamdulillahi, mwanangu hakuniangusha, kaja. Nikakupungia."

Akarudi kwenye mchele wake. Sikuambiwa niondoke, na sikuambiwa nibaki. Niliondoka.

Nasikia sheria bado inajadiliwa, wengine wanasema vibali vikazwe, wengine wanasema vilegezwe. Yule wa Lushoto nilimtafuta kwa simu nikamwambia alikuwa na haki, akasema asante, akakata. Nami nikiulizwa leo nitasema kibali kiwe cha mtu na kisiazimwe hata kwa pacha. Lakini nitaongeza na hili: pale uani kibali kilikuwepo, tena halali, na ndicho kilichowafanya wale wanawake wasijifunike. Bila kile kibali wangekimbilia mitandio yao kama zamani, na Mwalimu wangu angekuwa anafundisha mpaka leo.

Kwa hiyo wewe unayerusha, kwa biashara au kwa raha zako, nisikilize mimi niliyeungua. Akija mtu kukuomba umwazime jina lako, hata awe wa ziwa moja, usiishie kumuuliza kama anajua kurusha. Muulize watu watakaousikia ule mlio watadhani ni nani. Mimi sikuuliza, na mkono ulionyanyuliwa siku ile ulikuwa wa kunisalimu mimi, ukapokewa na wanaume wanne waliokuwa wakicheka.