Ritifaa Niliyoihamisha kwa Mwiba

Nakumbuka siku moja, enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado inachimbiwa njia kuja Dodoma, nilimwangamiza rafiki yangu kwa ncha ya mwiba. Keti, mwanangu. Sijivunii, lakini nitasema.

Nilisoma shule ya misheni huku Ugogo, kwa mwalimu Mwingereza, maana misheni ile ilikuwa ya Waingereza hata chini ya Mdachi, naye alituandaa tuwe walimu. Mwenzangu Chiwanga nilianza naye siku moja, tukala ugali wa uwele chungu kimoja. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kila alipoandika, mwalimu alisimama nyuma yake akitabasamu. Kwangu alipita tu. Wazee wakasema, "Chanda chema huvikwa pete," nami nikakitazama chanda changu. Hasidi hana sababu, mwanangu. Chiwanga hakunikosea lolote.

Likaja sanduku la vitabu vyetu sote. Chiwanga akakabidhiwa ufunguo, akaambiwa aandike juu ya sanduku, kwa Kiingereza, kwamba ni vitabu vya wanafunzi. Sasa, Waingereza wana kialama kidogo, ritifaa, mfano wa kipande cha ukucha. Kikikaa kabla ya herufi ya mwisho ya neno lao la wanafunzi, vitabu ni vya mwanafunzi mmoja. Kikikaa baada yake, ni vya wote. Chiwanga alikiweka mahali pake. Wenzangu walipokwenda kula, nikakikwangua kwa mwiba, nikakichora upande wa pili.

Mwalimu akasoma. Akapapasa pale palipokwanguliwa.

"Huyu mwanafunzi mmoja ni nani? Ni wewe mwenye ufunguo? Umekwangua ili vitabu viwe vyako?"

"Bwana, sikuandika hivi."

"Mwongo hafundishi watoto," akasema, akamfukuza. Chiwanga akaenda kubeba udongo kwenye reli. Mimi nilitazama chini, na moyoni, Mungu anisamehe, niliona raha.

Nikamsimulia mjomba wangu zizini, nikicheka. Mjomba hakujua hata herufi moja. Akashika sikio la ng'ombe.

"Mkato huu ni wa ukoo wetu. Mtu akikata mwingine juu yake, tunamwitaje?"

"Mwizi, mjomba."

"Haya. Umejitaja mwenyewe."

Nilitembea siku mbili hadi kwenye reli. Chiwanga alikuwa na karai la udongo kichwani, shingo imevimba. Nilipomweleza, alilitua polepole.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi nimekuwa nikijiuliza kama kweli nilikosea. Nimeacha kuuamini mkono wangu. Bora ungenipiga."

Tulirudi pamoja. Nikaungama mbele ya mwalimu. Chiwanga akarudishiwa nafasi yake, mimi nikaondolewa. Na nikwambie ukweli ambao wengi huuficha: nilipomwona ameshika chaki, wivu uliniuma upya. Kuungama hakuufukuzi. Nilichunga ng'ombe misimu miwili nikiukwepa mlango wa shule ile.

Mwisho nilikwenda, Chiwanga akiwa sasa ndiye mwalimu wa watoto, nikakaa nyuma yao kabisa. Chiwanga aliniona. 

"Sogea mbele," akasema. "Huko nyuma huoni."

Nikasogea.

Mwanangu, mwenzio akisifiwa, usikae kimya na uchungu wako hadi utafute mwiba. Mwendee, umwambie, "Nifundishe." Ni maneno mazito mdomoni, lakini ni mepesi kuliko ya kuungama. Na ukiwa umekwishaharibu, usingoje kupona wivu ndipo utengeneze. Tengeneza hivyo hivyo, wivu ungali unauma.

Mungu akunyeshee mvua ya kutosha shambani mwako, akupe na macho ya kuufurahia uwele wa jirani. Nenda salama.