Kuzama si Kupwelewa

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kuketi. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu. Mume wangu Parsaloi alizunguka boma kama aliyeingiwa na siafu. Mnunuzi wa shamba alikuwa njiani kutoka Kitengela. Tuuze yote, alisema, tuhamie mjini. Mimi nilifunga vyombo, nikafungua, nikafunga tena.

Jirani yetu Bi Zena, mjane wa baharia, mzaliwa wa Pate, aliingia kutupa pole.

"Tumezama, mama," Parsaloi akamwambia bila kusimama. "Na chombo cha kuzama hakina usukani."

"Nani kakwambia mmezama? Chombo kikizama kimekwenda chini. Unaacha mali, unaogelea. Kikipanda mwamba, unatupa shehena upesi kabla mawimbi hayajakivunja. Lakini kikipwelewa, maji yamekupwa tu, kimekaa mchangani. Unakitia magadi kisilale ubavu, unangoja maji yajae."

"Magadi?" nikauliza, nikiwaza lile ziwa letu la chumvi.

"Miti ya kukiegemeza. Ng'ombe wamekufa, ndiyo. Ardhi nayo imekufa?"

Parsaloi alitoka nje, na mnunuzi alipofika akamwambia arudi alikotoka.

Nilikasirika, nisikufiche. Mizigo ilikuwa imefungwa na moyo wangu ulishatangulia. Lakini Parsaloi alikwenda Kiserian kuvunja mawe, nami nikauza sukuma wiki stejini penye matatu. Hayo ndiyo yalikuwa magadi yetu. Subira yavuta heri, wanasema. Hawasemi jinsi inavyochubua. Mvua ilichelewa hata watoto wakasahau ladha ya maziwa. Kisha ikanyesha, tukaanza upya na mitamba wawili.

Kaka yake Parsaloi aliuza shamba lake. Siku hizi akipita huchungulia juu ya ukuta wa watu, pale alipozaliwa.

Mwanangu, najua hutulii tangu kazi iishe. Kila asubuhi unataka kuuza, kuhama, kuvunja. Jiulize kwanza ni lipi limekupata. Kama umezama kweli, ogelea, usitazame nyuma. Kama ni mwamba, tupa mzigo leo hii. Lakini kama maji yamekupwa tu, tafuta cha kukuegemeza, hata kiwe kidogo cha kuaibisha, usilale ubavu.

Mungu wetu Enkai akupe miguu inayojua kusimama, na mvua ikija ikukute bado uko na kwako.