Siku Nilimutoa Faila kwa Muchezo

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haikuwa ndoto, na pombe niliacha kitambo, meno ya mbele ikingali yote mudomoni. Ilinipata mi mwenyewe, saa nane ya muchana, jua kali, kwenye barabara kubwa ya kutoka Baraka.

Ilikuwa siku ya posho, jumamosi, masomo hakuna. Binti yangu Sifa alikuwa ameenda Kazimia kutafuta samaki ya kuuza, akaniachia mutoto wake, Faila. Iko na miaka sita. Alipewa jina ya marehemu bibi yangu, mama ya Sifa, na kwetu mutoto akibeba jina ya koko yake mwanamuke, basi batu wote banamutania kama bibi, muke wa muzee. Ni utani ya kawaida, hata ku kanisa banafanya.

Tukaenda ku soko. Nikamununulia kambambili za rangi ya rose, kubwa kidogo, juu miguu ya batoto inakomaa mbio. Tukakula mandazi, tukaangalia mitumbwi inashusha ndakala, bale samaki badogo. Bamama ya ndakala bakaniuliza, muzee, bibi mudogo tunamuona, mukubwa iko wapi? Nikajibu kama vile najibu miaka yote: mukubwa nilimuacha njiani, alikuwa anatembea polepole. Bakacheka. Na mi nikacheka.

Sasa ngoja nikuambie kitu sikuwaambia bale bamama. Ilikuwa kweli. Wakati wa kukimbia vita, Sifa alikuwa na siku kumi tu. Mama yake alikuwa na homa ya uzazi, miguu ikakataa. Akaketi kwenye matete, karibu na kilalo, daraja ya mutoni, akanipatia mutoto. Nikamuachia kopo ya maji, nikamwambia narudi kukubeba. Risasi zilikuwa zinalia nyuma yetu, mutumbwi ya mwisho ilikuwa inajaa. Nikafika Tanzania na mutoto. Kurudi, miaka mingi ilikuwa imepita, na kwenye yale matete sikukuta hata mufupa. Niambie, kitu kama hicho utakifanya nini kama haukicheki?

Basi tunarudi nyumbani, Faila anakokota kambambili zake, tunafika ku kile kilalo. Hakuna mutu barabarani, ni mwanamuke muzee mumoja tu ameketi pale pembeni, nywele nyeupe sawa na zangu. Akatusalimia vizuri. Akauliza mutoto ni wa nani.

"Ni bibi yangu," nikasema.

"Na mukubwa iko wapi?"

"Nilimuacha njiani. Alikuwa anatembea polepole."

Hakucheka. Akaangalia zile kambambili. "Na huyu pia anatembea polepole. Nipatie basi."

Kwetu ukitaniwa hivyo haukatai, batakuita mutu wa roho mubaya. Nikajibu, "Chukua tu, mama. Hata bugali hajui kupika."

Akasimama, akamushika mutoto mukono, bakashuka pamoja kuelekea matete. Niamini, Faila hakugeuka hata mara moja, na hakutembea tena polepole. Nikangoja ule mama acheke, arudi, kama vile utani inaishaga. Hakurudi. Nikataka kubafuata, miguu ikakataa. Yangu hii, isiyougua kitu!

Pale pale kitambaa alijifunika mpaka ku mikono ikateleza ku bega, nikaona kovu, kutoka kiganja mpaka kiko cha mukono. Kovu ya mawese ya moto. Siku ilimuunguza nilikuwako, nilimupaka asali. Utaniuliza, ulikosaje kumujua bibi yako? Alikuwa amezeeka! Nani aliniambia kama marehemu bazeekaka?

"Faila!" nikaita.

Bakageuka wote wawili.

Akaniangalia, bila hasira, akasema, "Ile kopo ya maji iliisha hata jioni haijafika."

Sikumuomba kitu. Nilijua kama naomba, nimepoteza mutoto. Nikamwambia kile sikukuwa nimeambia mutu, hata Sifa, ambaye nilimudanganya kama mama yake alifia ku kambi, ngambo ya ziwa. "Mama Sifa, haukutembea polepole. Ni mi nilikimbia. Nguvu ya kukubeba nilikuwa nayo. Niliogopa."

Akamuangalia Faila usoni, akauliza, "Huyu ni wa ule mutoto nilikupatia?"

"Ndiyo. Ni wa Sifa."

Akainama, akamuvua Faila kambambili, akazitia ku mikono ya mutoto. "Tembea peku, mama yangu, utafika." Akamusukuma kidogo kwangu. Matete ikatikisika, ikatulia. Ni yote.

Sifa alipotoka Kazimia, nilimwambia yote, tangu kopo. Wiki mbili hakunipa hata salamu, chakula alikuwa anamutuma Faila kuniletea. Sikumulaumu. Halafu siku moja asubui akaja na kopo mupya mukononi, akasema, tuonyeshe pale. Tangu ile siku tunaendaka batatu, tunaweka maji. Tukirudi tunaikuta tupu. Banasema ni mbuzi, banasema ni jua. Mi sibishani na mutu. Faila, yeye, akikaribia kilalo anavua kambambili mwenyewe, hakuna anayemwambia.

Utani fanya, sikatai, bila utani tungekufa wote. Lakini usitoe mutoto kwa muchezo kwa mutu haumujui. Na mutu wako uliyemuacha, usimufanye kichekesho kama haujamwambia bado kweli. Iko anakusikia. Iko anazeeka pamoja na we, na iko anangoja pale pale ulimuacha.