Swali Tulilokatazwa Kujibu

Juzi, kwa masista wanaotunza wazee kule Kibenga, mama aliniangalia kama mgeni, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu Ngagara, nyumba nzima ikinuka ndagala, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga.

Wakati wa vita mama alitufundisha jambo moja: "Mutu akikuuliza we mutoto ya nani, nyamaza." Jina la baba tu lilitosha kuonyesha uko upande gani.

Mchana ule aliyeuliza alikuwa bibi, mama yake mama, niliyelala naye kitanda kimoja. Alinishika mkono. "We mutoto ya nani?"

Nilinyamaza. Akarudia kwa upole, na upole ule ndio ulionitia shaka zaidi. Nani alikuwa amemtuma? Siku alipopelekwa kwa masista haohao, nilidhani watu wa nyumbani wamegundua kuwa ni mpelelezi. Sikumuaga.

Leo najua alikuwa anasahau, na alitaka kuambiwa tu.

Kwa hiyo juzi, mama naye aliponiuliza, "We mutoto ya nani?", sikungoja.

"Yako, mama."

Alitazama mlango, akashusha sauti. "Mama yako hakukufundisha kunyamaza?"